Kabla hujakata cheni: baiskeli ya resi ya mtumba kuwa ya gia moja

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Chuno, Mtwara mjini, na shule ninayofundisha ipo Mikindani. Nimenunua baiskeli ya resi ya mtumba, ya bei nafuu. Fremu ni ya chuma, mbele ina sproketi mbili za meno 52 na 42, nyuma zipo sita. Tairi zimeandikwa 27 x 1¼. Nikikanyaga kwa nguvu gia inahama yenyewe, na wakati mwingine cheni inaruka. Fundi wa mtaani kwetu anasema dawa ni kutoa gia zote, kukata cheni iwe fupi na kuiacha kwenye sproketi moja, kazi ya nusu saa. Rafiki yangu anasema gia zikitoka baiskeli itakuwa nyepesi na ya kasi, kwamba naweza kufunga friwili ya Phoenix, yaani sproketi ya nyuma inayozunguka bure nisipokanyaga, au hata nifunge sproketi isiyo na friwili kama vijana wa Dar, nisihitaji breki ya nyuma. Nyumbani ipo Phoenix ya marehemu baba, imekaa tu ukutani. Je, nibadilishe hii ya resi? Na nikibadilisha, nitaweza kumpakia mtoto nyuma nimpeleke shule?"

Marahaba, mwalimu. Umeandika vizuri, umehesabu meno na umesoma namba za tairi. Wengi huniandikia "baiskeli yangu mbovu, nifanyeje?" wakaishia hapo.

Ninavyokuelewa, umeletewa mambo mawili yakiwa yamefungwa pamoja kama vile ni moja. Lipo tatizo, yaani gia inayohama na cheni inayoruka. Halafu lipo pendekezo la kuwa na baiskeli ya gia moja. Umeambiwa la pili ni dawa ya la kwanza. Linaweza kuwa dawa, lakini pia unaweza kutoa gia zote na cheni ikaendelea kuruka vilevile. Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana sehemu yake moja huenda ikaisha leo jioni kwa sarafu ya shilingi mia mbili, na hiyo sarafu utarudi nayo mfukoni.

Baiskeli za resi za rika hilo, zenye sproketi sita nyuma, nyingi zina vishikio viwili vya gia kwenye bomba la fremu linaloshuka kutoka kwenye usukani. Vishikio hivyo havina vituo. Vinakaa pale ulipoviacha kwa msuguano tu, na anayeshika huo msuguano ni skrubu moja ubavuni mwa kila kishikio. Upande wa pili wa waya upo mkono wa gia, ule wenye viroda viwili nyuma, na ndani yake imo springi inayovuta saa zote kuirudisha cheni kwenye sproketi ndogo. Skrubu ikilegea, springi inashinda. Ukikanyaga kwa nguvu fremu inajipinda kidogo sana, waya unavutika, kishikio kinateleza, na gia inakuwa nzito palepale ulipoihitaji iwe nyepesi. Ingiza sarafu kwenye mfereji wa ile skrubu, au uishike kwa vidole kama ina kipete, uikaze mpaka kishikio kiwe kigumu kidogo kusukuma. Kisha panda, ukanyage kwa nguvu, uone. Nimekutana na baiskeli nyingi zilizohukumiwa kuvuliwa gia kwa kosa la skrubu hii.

Cheni inayoruka ni suala jingine. Chukua rula au futi ya fundi cherehani, weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, uhesabu pini 24 mbele yake. Cheni mpya itakupa milimita 304.8, tuseme 305. Ikifika 306.5 imechoka, ibadilishe. Ikifika 308, imeshakula na meno ya sproketi, na ukifunga cheni mpya juu ya meno yale yale itaruka zaidi ya ile kuukuu, kwa sababu viungo vipya havikai tena kwenye mashimo yaliyopanuka. Hapo cheni na friwili vinabadilishwa pamoja.

Lipo na la tatu, ambalo watu huliita "cheni kuruka" na silo. Pedeli inaanguka ghafla chini ya mguu, kama vile umekanyaga hewa, ilhali cheni imetulia kwenye meno. Hiyo ni friwili. Ndani yake mna vijino viwili vinavyoinuliwa na springi nyembamba ili vikamate unapokanyaga, na grisi iliyokauka ikichanganyika na mchanga wetu wa pwani vijino vinanata na kuchelewa kuinuka. Ilaze baiskeli, dondoshea mafuta ya taa kwenye ule mwanya wa friwili huku ukiizungusha kinyume mpaka uchafu mweusi ukome kutoka, iache ikauke, kisha weka mafuta mepesi ya cherehani. Isipopona, ibadilishe, maana friwili ya namna hiyo ndiyo inayomwangusha mtu katikati ya barabara akiwa amesimama kwenye pedeli.

Sasa nije kwa fundi wa mtaani kwenu. Simdharau, na nusu saa aliyokuambia ni kweli. Lakini njia hiyo, ya kuacha friwili ya sproketi sita mahali pake, kutoa mkono wa gia na kukata cheni ibaki imezunguka sproketi moja ya katikati, mimi niliwahi kuifanya, na sitaifanya tena. Nilimfungia kijana mmoja aliyekuwa akiuza samaki. Siku ya tatu alirudi akiwa amebeba baiskeli begani, cheni imekaza kama waya wa umeme, gurudumu la nyuma limekwama upande mmoja na ekseli imepinda. Bahati yake alikuwa anaondoka taratibu sokoni.

Cheni inataka kwenda moja kwa moja. Sproketi ya mbele isipolingana na ya nyuma, cheni inakwenda kwa mshazari, na kila kiungo kinapoingia nyuma bati lake la ubavuni linagusa meno ya jirani. Sproketi za gia zimetengenezwa kwa makusudi kupokea cheni inayohama: meno yake ni mafupi, mengine yamekatwa pembeni. Baiskeli ikiwa na mkono wa gia hakuna shida, mkono unaishika cheni isihame, na ikihama unaachia urefu. Ukishautoa mkono na kufupisha cheni, ikipanda sproketi kubwa zaidi urefu wa kuachia haupo. Inavutika kwa nguvu zako zote za miguu mpaka kitu kimoja kiachie: cheni, ekseli, au sikio la fremu linaloshika ekseli. Kwa hiyo kama utakwenda gia moja, nyuma ibaki sproketi moja, na iwe kwenye mstari mmoja na ya mbele.

Rafiki yako naye ana ukweli nusu. Ukitoa mkono wa gia, vishikio, nyaya, sproketi moja ya mbele na tano za nyuma utapunguza uzito, na kwenye baiskeli ya chuma ya bei nafuu unaweza kufika kilo moja hivi. Utaisikia unapoibeba ngazini. Barabarani, uzito wako na begi la madaftari ya wanafunzi unaimeza hiyo kilo. Na kasi haiongezeki, kasi inachaguliwa: unachagua mzunguko mmoja wa pedeli ukupeleke umbali gani, na umeuchagua kwa kila hali ya barabara, kupanda, kushuka na upepo. Faida halisi ya gia moja kwa mtu wa Mtwara ni nyingine kabisa. Hewa yetu ina chumvi, nyaya za gia zinashika kutu ndani ya maganda yake, viroda vinajaa mchanga, na vipuri vya resi si vya kukuta kila duka. Baiskeli ya gia moja ina vichache vya kuharibika, na vilivyobaki kila fundi wa kijijini anavijua. Sababu hiyo inatosha.

Mbona wewe mwenyewe umekulia kwenye gia moja, mwalimu. Ile Phoenix ya mzee ni nini? Iteremshe ukutani uhesabu meno yake. Baiskeli kubwa za namna hiyo nyingi zina 44 mbele na 18 nyuma, au karibu na hapo. Gawanya 44 kwa 18, zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa tairi ya 28 x 1½ ni kama mita 2.2, utapata mita 5.4. Huo ndio umbali aliokwenda mzee kila pedeli ilipozunguka mara moja, na ndiyo gia ambayo watu wa kusini wamebebea korosho, mihogo na ndoo za maji miaka yote.

Fanya hesabu hiyo kwa resi yako. Gurudumu la 27 x 1¼ lina mzingo wa takriban mita 2.16. Sproketi kubwa ya mbele na ndogo ya nyuma, tuseme 52 kwa 14, inakupa mita 8, gia ya kuteremkia. Mbele 42 na nyuma 28 inakupa mita 3.2, gia ya kupandia ukuta. Utakapobaki na moja tu, utakuwa umechagua nukta katikati ya 3.2 na 8. Kwa njia yako ningechagua 42 kwa 18, inayokupa mita 5 na kidogo. Ukizungusha miguu mara 70 kwa dakika, mwendo ambao mtu mzima mwenye afya anauweza bila kuhema, utakwenda kama kilomita 21 kwa saa, na Mikindani ipo takriban kilomita 10 kutoka mjini.

Usisahau upepo. Kati ya Mtwara na Mikindani hakuna mlima wa kukutisha, lakini miezi ya katikati ya mwaka kusi huvuma, na jioni ukirudi mjini unaelekea mashariki, upepo unakupiga usoni na ubavuni njia nzima. Ndiyo maana nasema 18 nyuma, si 16. Ile 16 itakupa mita 5.7, itakupendeza asubuhi kifua kikiwa kipya na upepo ukikusukuma mgongoni, jioni uichukie. Kwa anayeishi Lindi na kupanda Mtanda kila siku ningesema 20, na kwa mtu wa Newala, kule juu ya uwanda wa Makonde, ningemwambia abaki na gia zake.

Na kabla hujanunua chochote, jaribu bure. Kaza ile skrubu niliyokuambia, weka cheni kwenye 42 mbele na kwenye sproketi ya nyuma yenye meno 18 au iliyo karibu nayo, kisha usiguse gia kwa wiki mbili. Nenda kazini, rudi, nenda Naliendele Jumamosi kama una shamba huko, panda na siku ya mvua. Ukikuta unanyoosha mkono kutafuta kishikio kila siku, umejua kabla ya kuharibu. Ukikuta umesahau kwamba gia zipo, basi unaweza kuendelea kusoma.

Kwanza tazama masikio mawili ya chuma ambamo ekseli ya nyuma inaingia. Fremu za zamani nyingi zina mfereji uliolala, hivyo gurudumu linaweza kuvutwa nyuma na kusukumwa mbele sentimita mbili tatu. Hiyo ni bahati yako, kwa sababu cheni ya gia moja inakazwa kwa kuvuta gurudumu, kama kwenye Phoenix. Fremu za baadaye zina mfereji uliosimama, gurudumu linakaa mahali pamoja tu, na huko utahitaji kiroda cha kukaza cheni. Ule mkono wa gia wa zamani unaweza kuifanya kazi hiyo: skrubu zake mbili ndogo za mipaka zinaufunga ukae kwenye mstari mmoja, na springi yake inavuta cheni. Hautapendeza macho, lakini unafanya kazi.

Pili, friwili. Baiskeli yenye sproketi sita nyuma kwa kawaida ina friwili ya kufungwa kwa uzi kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, na uzi huo, wa kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa kila inchi, ndio uzi wa friwili za baiskeli zetu kubwa na za watoto. Kwa hiyo rafiki yako hapo amesema kweli: friwili ya Phoenix ya meno 18 itaingia. Ila kama baiskeli ni ya Ufaransa na ni ya zamani sana, uzi wake unaweza kuwa wa kimetriki, wenye tofauti ndogo ambayo jicho halioni. Friwili mpya lazima iingie kwa vidole mizunguko kadhaa bila kulazimishwa. Ikikataa mapema, acha, usichukue spana. Uzi wa habu ukishakwaruzwa habu imekufa.

Kuifungua friwili ya zamani ndiyo kazi ngumu kuliko zote hapa. Inahitaji ufunguo wake maalumu: nyingine zina matundu mawili, nyingine meno ya ndani. Ufunguo unakaa ndani ya friwili, nati ya ekseli inaushika kidogo usichomoke, kisha unabanwa kwenye jiliwa na wewe unalishika gurudumu zima kama usukani wa lori, ukizungusha kinyume cha saa. Friwili iliyokazwa miaka ishirini na miguu ya mtu haifunguki kwa spana ya mkononi. Na kama spoki zimeoza unataka kuzikata, usizikate kabla friwili haijatoka, kwa sababu bila rimu huna tena cha kushikia. Ufunguo usipopatikana, fundi anaweza kufungua kifuniko cha mbele cha friwili, chenye uzi wa kinyume, gololi zikamwagika, akabana kiini kilichobaki kwenye jiliwa. Hiyo ni njia ya mwisho, na friwili hiyo hutaitumia tena.

Tatu, cheni. Za gia ni nyembamba, nafasi ya ndani ni kama milimita 2.4. Za baiskeli kubwa ni pana, milimita 3.2. Urefu wa kiungo ni ule ule. Cheni nyembamba haikai kwenye friwili ya Phoenix, itapanda juu ya meno. Cheni pana inakaa kote kuwili, kwenye friwili ya Phoenix na kwenye sproketi yako ya 42, labda itapiga kelele kidogo. Nunua ile pana. Inapatikana kila duka na bei yake si ya kukunyima usingizi.

Sasa mstari wa cheni, na hapa nakuomba uwe na subira, maana hili wengi huliruka. Funga friwili mpya, rudisha gurudumu, upime. Mbele, pima kutoka katikati ya bomba la siti hadi katikati ya meno ya sproketi ya 42. Kwenye resi nyingi utapata kama milimita 41. Nyuma, pima nafasi kati ya masikio mawili ya fremu, kwa baiskeli za rika lako mara nyingi ni milimita 126. Nusu yake ni 63. Toa 41, inabaki 22. Maana yake sproketi ya nyuma inatakiwa ikae milimita 22 kutoka uso wa ndani wa sikio la kulia. Pima ilipo. Mara nyingi utaikuta imeingia ndani zaidi kwa milimita chache, kwa sababu habu iliachiwa nafasi ya sproketi sita.

Dawa yake ni washa, zile pete bapa za chuma zilizo kwenye ekseli. Upande wa kulia zipo nyingi, ukihamishia kiasi kile kile upande wa kushoto, habu yote inasogea kulia na sproketi inatoka nje. Tofauti ya milimita 2 haina neno, usihangaike nayo. Ukishahamisha washa, rimu nayo imehama kulia pamoja na habu, hivyo irudishwe katikati kwa kulegeza spoki za kulia na kukaza za kushoto, robo mzunguko kwa zamu, kuzunguka gurudumu zima. Kazi hiyo ina zawadi yake: gurudumu la gia sita limevutwa sana upande mmoja, spoki za kulia zimekaza na za kushoto zimelegea. Ukisogeza habu zinakaribia kulingana, na gurudumu linakuwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani. Ukiwa umefungua ekseli, safisha gololi, weka grisi mpya, na ukaze koni, zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli, mpaka gurudumu lisitikisike lakini lizunguke lenyewe ukiliachia.

Sproketi ya 52 unaweza kuitoa. Bolti tano zitabaki ndefu, ziwekee washa nyembamba, la sivyo utazikaza mpaka mwisho na sproketi bado inacheza. Kama zimegongewa riveti, ziache zote mbili, ile kubwa itazuia suruali yako isiliwe na cheni.

Kaza cheni ili katikati yake icheze sentimita 1 hadi 1.5 juu na chini, na upime pale inapokaza zaidi, kwa sababu sproketi za mbele za bei nafuu haziwi duara kamili. Izungushe pedeli polepole, utaona cheni inakaza halafu inalegea. Ukipima pale ilipolegea, itakapofika mahali pa kukaza itazila gololi za habu na za krenki, ile mikono ya pedeli.

Kuhusu kufunga sproketi isiyo na friwili na kutoa breki ya nyuma, jibu langu ni hapana, na sitalilainisha. Baiskeli za namna hiyo zina habu yake maalumu, yenye uzi wa pili unaozunguka kinyume kwa ajili ya nati ya kuizuia sproketi. Habu yako haina uzi huo. Ukifunga sproketi ngumu juu yake, siku utakapokanyaga kinyume ili usimame, sproketi itajifungua na mguu utazunguka bure, na mbele yako kuna bajaji. Breki zote mbili zibaki, na zifanyiwe kazi: nyaya mpya, raba mpya. Tazama rimu pia. Kama ni za chuma kilichong'arishwa, mvua ikinyesha breki zake zinapungua nguvu kiasi cha kutisha, na mvua zetu zikianza Desemba zinakwenda mpaka Aprili. Siku hizo anza kushika breki mapema sana, raba ifute maji kwanza ndipo ikamate.

Neno moja kuhusu tairi, halafu nakuachia. Ya kwako ni 27 x 1¼, kipenyo chake cha kukaa kwenye rimu ni milimita 630. Ya Phoenix, 28 x 1½, ni 635. Ya resi za kisasa, 700C, ni 622. Muuzaji atakuambia "hizi zote sawa, vuta tu." Hazikai. Soma namba hiyo ya tarakimu tatu ubavuni mwa tairi, na ukiikuta ya 630 inauzwa mahali, nunua mbili uweke moja akiba. Kwa maoni yangu hilo litakusumbua kuliko gia.

Vitu vya kumpelekea fundi ana kwa ana, usivimalize kwa kusoma: friwili isiyofunguka, gurudumu lisilonyooka, na krenki zilizofungwa kwa pini, maana pini hizo zikipigwa nyundo ovyo zinapinda na kubaki humo. Na kabla ya yote hayo, ipeleke fremu ikaguliwe kwenye mwanga. Futa uchafu chini ya krenki, kwenye viungio vya mabomba na pale uma wa mbele unapoingilia fremu. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, yenye kutu inayochungulia, inaweza kuwa ufa wa chuma chenyewe. Fundi akithibitisha ni ufa, usitumie pesa nyingine kwenye baiskeli hiyo, na usikubali ichomelewe kwenye uma.

Ukimaliza, rudi kwenye nati za ekseli baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki. Miguu yako inavuta gurudumu mbele upande wa kulia tu, na nati ikiwa haijauma vizuri kwenye sikio, gurudumu linakwenda upande na tairi inasugua fremu upande wa kushoto.

Kuhusu mtoto. Baiskeli ya resi ina spoki nyembamba, tairi nyembamba zinazozama kwenye mchanga, na fremu isiyo na mahali pa kufunga keria ya uhakika. Mtoto akikaa nyuma akatikisika, usukani wa resi unayumba hata kwa mtu mzoefu. Usimpakie. Hesabu spoki za gurudumu la nyuma la Phoenix ya mzee, huenda ukakuta 40, na keria yake imefungwa kwenye ekseli yenyewe. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo unayopeleka resi, ifungwe tairi na tyubu mpya, gololi zioshwe, raba za breki zibadilishwe, na iwekwe kilinzi cha kuzuia miguu ya mtoto isiingie kwenye spoki. Asubuhi mpeleke mtoto kwa hiyo, uirudishe nyumbani, ndipo uchukue resi yako uende Mikindani.